Tovuti yangu ya sola inasomwa, mbona pesa haiji?

*"Jambo yaya. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Tangu mwaka jana nina tovuti ninayoiandika kwa Kiswahili, na mara chache kwa Kifaransa, juu ya paneli za sola, batri na inveta, kwa sababu watu wa mtaa wananiuliza mambo hayo kila SNEL inapokata umeme. Siku hizi zinafunguliwa kurasa kama 9,000 kwa mwezi. Wasomaji wengi wako Kongo, wengine Tanzania na Kenya, wachache Ubelgiji. Niliweka matangazo ya AdSense, huduma ya matangazo ya Google, miezi saba iliyopita na nimefikisha dola 13 tu. Barua yenye namba ya siri ambayo Google walisema watanitumia haijafika. Binamu yangu aliye Ndola, Zambia, ananiambia niweke anwani yake. Nilijaribu pia viungo vya kamisheni vya duka la mtandaoni la Amazon: watu walibofya, hakuna aliyenunua, akaunti ikafungwa. Kuna kundi la WhatsApp la wenye tovuti wanaobofyana matangazo, na kuna kijana anayefundisha 'kupata dola 1,000 kwa mwezi' kwa ada ya dola 80. Mume wangu anasema niache, mega za intaneti zinaisha bure. Je, Kiswahili hakilipi? Niendelee na matangazo, nigeukie kamisheni, au niache?"*

Mwalimu, nianze na jambo ambalo hukuliuliza ila naliona katikati ya mistari: dola 13 hazina maana kwamba unaandika vibaya. Kurasa 9,000 kwa mwezi juu ya batri na inveta, zinazosomwa na watu wenye shida hiyohiyo nyumbani kwao, si jambo dogo. Tatizo ni kwamba umepeleka mali nzuri kwenye soko ambalo mnunuzi wake haendi. Jibu langu fupi ni hili: usiache, AdSense ibaki pembeni bila kuitegemea, na kamisheni itafute hapahapa mjini. Jibu refu ni la kukueleza kwa nini, maana mtu asiyejua mashine hii inavyozunguka huuziwa maneno kwa dola 80.

Tuanze na matangazo. Msomaji anapofungua ukurasa wako, ile nafasi ya tangazo hupigwa mnada papo hapo, kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Wanaoshindana ni watangazaji walioiambia Google mapema: nataka kuonwa na watu wa nchi fulani, wanaopenda mambo fulani, na niko tayari kulipa hadi kiasi fulani. Bei haitoki kwako, wala haitoki kwenye lugha yako. Inatoka kwa idadi ya watu wanaomgombania msomaji yule kwa saa ile. Sasa jiulize ni nani leo anailipa Google ili amfikie mtu wa mtaa wa Katuba hapa Lubumbashi anayesoma juu ya batri. Muuza paneli wa mjini anajitangaza kwa redio, kwa Facebook, kwa hali za WhatsApp, au anasimamisha paneli moja mbele ya mlango na kazi imekwisha. Mnada ukibaki na mgombea mmoja au wawili, bei inalala chini. Msomaji yuleyule akihamia Brussels, ghafla wanamgombania mabenki, kampuni za bima, maduka na mashirika ya ndege, na ukurasa uleule unaanza kulipa mara kadhaa zaidi bila wewe kubadili hata nukta.

Kwa hiyo si kweli kwamba Kiswahili hakilipi. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo AdSense inazikubali. Kinachopungua ni fedha ya watangazaji wanaoitafuta Kongo kwa njia hiyo. Ukiiandika tovuti nzima kwa Kifaransa lakini wasomaji wakabaki wa hapahapa, Kampemba na Ruashi, hutaona tofauti kubwa.

Wengine watakuambia Google inakula sehemu kubwa. Hapo nao wanakosea. Kwa ujumla mwenye tovuti anabaki na kama asilimia 68 ya kile mtangazaji alicholipa, na tangu mwanzo wa 2024 AdSense inalipa kwa tangazo kuonyeshwa, sio tena kwa kubofywa kama zamani. Asilimia ni nzuri. Ni asilimia ya kitu kidogo, basi.

Tupige hesabu, kwa kuwa wewe hesabu haikuogopeshi. Dola 13 kwa miezi saba ni kama dola 2 kwa mwezi. Gawa kwa kurasa 9,000, unapata senti 22 hivi kwa kila kurasa 1,000. AdSense hailipi mpaka salio lifike dola 100. Umebakiwa na 87, kwa hiyo kwa mwendo huu utapokea malipo ya kwanza baada ya miaka mitatu na nusu na ushee. Na kama unataka dola 100 kila mwezi kwa bei hiyohiyo, unahitaji kurasa 450,000 kwa mwezi, yaani 15,000 kila siku. Tovuti za habari za mpira na za matokeo ya mitihani zinaweza kuvuta umati kama huo. Tovuti ya mtu mmoja anayeeleza tofauti ya batri ya risasi na ya lithiamu haiwezi, na haina haja ya kuweza.

Kuna kishawishi cha kuongeza matangazo kwenye kila ukurasa ili senti ziongezeke. Usifanye. Msomaji wako ananunua mega kwa franka zake, na ukurasa uliojaa matangazo unazila mega hizo kabla hajafikia jedwali lako la batri. Atafunga, hatarudi, na msomaji anayerudi ndiye mtaji wako wa kweli, kama utakavyoona mbele.

Kundi la kubofyana nalijibu bila kuzunguka: toka leo. Pesa inayotoka kwa mbofyo ule si ya Google, ni ya mtangazaji, pengine mtu mwenye duka dogo Nairobi anayelipia wateja hewa. Google inaona simu zilezile, mtandao uleule, saa zilezile, watu wanaobofya na kutoka bila kusoma chochote, na tovuti kumi zinazotembeleana kwa zamu. Mwanzoni inakata tu mapato hayo kimyakimya. Ikiendelea inafunga akaunti, inazuia salio, inawarudishia watangazaji fedha zao, na kufunguliwa tena ni shida kubwa. Hata kuandika chini ya makala "bofyeni tangazo mnisaidie" kumekatazwa. Na usijaribu tangazo lako mwenyewe "kuona kama linafanya kazi".

Barua sasa. AdSense hutuma namba hiyo kwa posta ya kawaida salio likifika dola 10, ili kuhakikisha kwamba anwani ni ya kweli. Wao husema subiri wiki mbili hadi nne. Sisi tunaojua hali ya posta yetu, na nyumba zetu nyingi ambazo namba yake iko kwenye kumbukumbu za jirani tu, tunajua inaweza isifike kabisa. Ingia kwenye akaunti, sahihisha anwani iwe ile ambayo barua hufika kweli: sanduku la posta la shule yako, la parokia, au la ofisi ya mtu unayemwamini. Kisha omba barua nyingine, wanaruhusu baada ya wiki tatu. Ukishaomba mara kadhaa bila mafanikio, utapewa nafasi ya kuthibitisha kwa hati, na hapo ndipo watu wengi hukwama kwa jambo dogo: jina kwenye akaunti halifanani na jina kwenye kadi ya mpiga kura au pasipoti. Kama uliandika jina la mume na hati ina jina la baba, rekebisha sasa kabla hujatuma. Angalia pia tarehe. Namba isipoingizwa ndani ya miezi minne tangu itolewe mara ya kwanza, matangazo husimamishwa.

Anwani ya Ndola usiiweke. Nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye kwa kubonyeza tu, inabidi kufunga na kuanza upya. Malipo nayo yanadai jina lako na akaunti ya benki yako vikubaliane na nchi uliyotaja. Utafikisha dola 100 siku moja, ndipo ugundue kwamba fedha zako zina masharti ya Zambia nawe huna hati hata moja ya huko. Binamu ana nia njema, lakini hii si njia ya mkato.

Tuje kwenye kamisheni. Unamjua komisyoneri wa nyumba: hana nyumba, ana wapangaji. Akimleta mpangaji na mkataba ukasainiwa, anapata chake. Na ugomvi wake unaujua pia: mwenye nyumba anaapa kwamba mpangaji alikuja mwenyewe. Programu za uwakala kwenye intaneti zimejengwa juu ya kazi hiyohiyo, na ufundi wake mwingi ni wa kumaliza ugomvi huo. Unapewa kiungo chenye alama yako. Msomaji akikibofya, duka linaacha kijifaili kidogo kwenye simu yake, wanakiita kuki, kinachosema "huyu ameletwa na fulani". Akinunua kabla kuki haijaisha muda, kamisheni ni yako. Akinunua baadaye, au akapitia kiungo cha mtu mwingine mwishoni, huna lako. Akirudisha bidhaa, kamisheni inafutwa. Ndiyo maana programu nyingi huchelewesha malipo wiki kadhaa: wanasubiri muda wa kurudisha upite.

Amazon, iliyoanzisha programu yake mwaka 1996, ina sheria mbili zilizokuangusha. Kuki yake hudumu saa 24 tu, labda msomaji awe ameweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya muda huo. Na mwakala mpya asipoleta mauzo matatu ndani ya siku 180, akaunti inafungwa. Hukufanya kosa lolote, umefungwa na kalenda. Lakini hata wangekupa miaka miwili ningeshangaa kuona mauzo matatu. Msomaji wako wa Ruashi anahitaji kadi ya benki inayokubaliwa nje, anwani ya kupokelea, na nauli ya kusafirisha paneli ambayo inaweza kuizidi bei ya paneli yenyewe. Batri za lithiamu zinahesabiwa kuwa mzigo wa hatari kwenye ndege, na wauzaji wengi hawazitumi mbali kabisa. Mtu huyo alibofya ili aone picha na bei, kisha akaenda mjini na dola zake mkononi. Wewe mwenyewe ungefanya hivyo.

Hapa ndipo kiini cha jibu langu kilipo, Mwalimu. Kabla ya kujiunga na programu yoyote, ya Amazon, ya mitandao mikubwa ya uwakala kama Awin na CJ, au ya duka la jirani, uliza mambo mawili. Msomaji wangu anaweza kukilipia kitu hiki na kikamfikia? Na mimi pesa yangu itanifikia kwa njia gani? Watu hujenga tovuti mwaka mzima, ndipo wanagundua kwamba programu inalipa kwa cheki ya Marekani au kwa PayPal, na akaunti yao ya PayPal ya Kongo inatuma tu, haipokei. Njia ya malipo ichunguzwe siku ya kwanza.

Utasikia juu ya programu zinazolipa vizuri sana. Kampuni za kukodisha nafasi za tovuti hulipa makumi ya dola kwa kila mteja mmoja. Ndiyo siri ya wengi wanaofundisha "kupata pesa kwa blogu": pesa yao inatoka kwako, unapobofya kiungo chao kununua nafasi, wala haitoki kwenye blogu yoyote wanayoionyesha. Kampuni za kubeti nazo zinatafuta mawakala kwa nguvu katika miji yetu, na baadhi hukulipa sehemu ya kile mchezaji aliyeletwa na wewe anachopoteza. Soma sentensi hiyo tena. Wasomaji wako ni wazazi wa wanafunzi wako. Mimi nisingegusa, hata kama sheria ingekuwa haina neno.

Na yule kijana wa dola 80? Sitamhukumu bila kumwona, lakini kuna kipimo rahisi. Mwombe afungue ukurasa wake wa malipo mbele yako, kwenye simu yake, auburute chini akuonyeshe miezi iliyopita, nchi wasomaji wake walipo na pesa ilikotoka. Picha za skrini ya simu usizipokee, zinatengenezwa kwa dakika mbili. Na namba ya siri ya akaunti yako usimpe, hata kwa "kukurekebishia".

Sasa yale ninayoona yanaweza kulipa. Una kitu ambacho maduka ya sola ya Lubumbashi hayana: watu wanakuamini kabla hawajatoka nyumbani. Mtu anayetafuta usiku "batri ya Ah 100 inawasha friji saa ngapi" ana dola mfukoni au anazikusanya. Ni mteja aliyeiva. Muuzaji wa mjini angetoa nini ili mtu huyo aingie kwake badala ya kwa jirani? Tuseme seti ya paneli, batri na inveta inauzwa dola 400, na mnakubaliana asilimia 5. Mteja mmoja tu ni dola 20, sawa na miezi kumi ya AdSense yako. Wawili kwa mwezi wanalipa mega zako na kusogeza minervali, yaani karo ya shule, ya mtoto. Siahidi kwamba watakuwa wawili. Mwezi wa kwanza na wa pili huenda asije hata mmoja. Lakini hesabu hii inaweza kutimia kwa wasomaji ulio nao tayari, na ile ya kurasa 450,000 haiwezi.

Makala inayoleta mteja wa namna hiyo haifanani na ile ya "sola ni nini". Maswali ya jumla siku hizi Google inayajibu yenyewe juu kabisa ya ukurasa wa matokeo, msomaji hafiki kwako. Andika vile ambavyo mtu wa mbali hawezi kuandika. Mama wa Katuba anayeuza maji ya baridi anataka friza ifanye kazi mchana: inahitaji wati ngapi inapoanza kunguruma, na kwa nini inveta yenye wati zinazotosha kwenye karatasi inazima palepale friza inapoamka? Batri ya risasi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 inabeba Wh (wati-saa) 1,200 kwa maandishi, lakini ukitaka idumu usivuke nusu, yaani Wh 600. Ya lithiamu ya kipimo hichohicho inakubali kutolewa hadi asilimia 80 na zaidi. Tofauti hiyo ya bei inarudi baada ya muda gani kwa mtu wa kipato kile? Na paneli itatoa nini katika mawingu ya Januari, na vumbi la Agosti linakula kiasi gani usipolifuta? Weka bei za mjini, tarehe uliyoziuliza, na uzisasishe. Ukurasa wa bei unaosasishwa kila mwezi ndio watu hutumiana.

Fikiria pia wale wachache wa Ubelgiji ambao umewataja kama pembezoni. Wengi wao nadhani ni watoto wa hapa wanaotaka kuwawekea wazazi umeme Kamalondo au katika mtaa wa Kenya hapa mjini. Tatizo lao unalijua: wanamtumia mdogo wao pesa ya batri, na pesa inageuka kitu kingine njiani. Andika ukurasa mmoja kwa Kifaransa na Kiswahili kwa ajili yao: seti tatu, bei ya mwisho pamoja na kufunga, duka linalopokea malipo moja kwa moja, na picha ya batri yenye namba yake ya kiwandani ikiwa imefungwa ukutani kwa mzazi. Mteja huyo ananunua seti kubwa, halalamiki dola kumi, na akiridhika anawaambia wenzake wa Liège. Kama ningekuwa wewe, hapo ndipo ningeanza. (Ukiweka matangazo ya Google kwenye ukurasa unaosomwa Ulaya, utatakiwa pia kuwa na kidirisha cha kuomba ruhusa ya kuki. AdSense ina chake cha bure, kiwashe.)

Kuhusu kuhesabu nani ameletwa na nani, hatuna kuki hapa, ila tuna WhatsApp. Tengeneza kiungo cha WhatsApp kinachofunguka kikiwa na ujumbe ulioandikwa tayari, mfano "Nimetoka kwenye tovuti ya Mwalimu, nataka seti namba 2". Ukiuelekeza kwenye simu ya duka, kazi ni nyepesi kwako lakini daftari ni la duka. Ukiuelekeza kwenye simu yako kwanza, kisha wewe ukapeleka mteja, unajua kila aliyepita, ila utajibu ujumbe hata ukiwa darasani. Mimi ningeanza na simu yangu kwa miezi michache ya kwanza mpaka nijue tabia ya muuzaji, halafu niachie. Unaweza pia kumpa msomaji namba ya punguzo inayompunguzia dola chache dukani. Hapo mteja mwenyewe ndiye anayekumbuka kuitaja, na hakuna daftari linaloshinda faida ya mteja.

Makubaliano yawe ya maandishi, ukurasa mmoja, nakala mbili zilizosainiwa. Yaseme asilimia ni ya bei ya vifaa tu au pamoja na kazi ya kufunga. Yaseme kamisheni inaiva lini: mteja anapotoa malipo ya awali, au anapomaliza. Batri ikirudishwa inakuwaje? Mteja akija leo akauliza bei, akarudi baada ya wiki tatu, bado ni wako? Ningeomba siku 30, kwa sababu watu wetu hununua baada ya mshahara. Na siku ya kulipa itajwe, pamoja na njia, M-Pesa au Airtel Money, na nani anabeba makato. Duka linaweza kupendelea kukulipa kiasi kimoja kwa mwezi kwa tangazo, bila kuhesabu wateja. Ni rahisi zaidi na linakupa uhakika kidogo, ila mwezi wa tatu mwenye duka atauliza amepata nini, na kama hukuhesabu hutakuwa na jibu. Hesabu hata kama hulipwi kwa hesabu.

Hatari kubwa ya njia hii ni jina lako. Paneli zilizobandikwa wati 200 huku zikitoa nusu yake zipo sokoni, na batri zilizochoka zinazovishwa ganda jipya zipo. Hapa fizikia yako ina thamani kuliko ushauri wangu wote. Kabla ya kuliandika duka, nenda saa sita mchana siku ya jua, omba paneli upime volti bila mzigo na ampea ukiunganisha nyaya zake mbili. Paneli ya kweli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 inatoa volti kama 21 au 22 na ampea zinazokaribia 6. Angalia tu kwamba mita nyingi za mkononi zinaishia ampea 10. Kwa paneli kubwa tumia mita ya kubana waya, inayosoma umeme wa DC. Andika matokeo kwenye tovuti, hata yakiwa mabaya, bila kutaja duka. Muuzaji anayekataa kupimwa umeshapata jibu lake. Usisaini pia kwamba utaandika duka moja peke yake: chukua mawili au matatu, na asilimia ziwe sawa, ili siku ukisema "batri hii ni bora" usijiulize mwenyewe kama ni batri au ni kamisheni iliyosema.

Mwambie msomaji ukweli, mwanzoni mwa makala, si chini kabisa: "Ukinunua kupitia namba yangu ya punguzo, duka linanilipa kiasi; wewe hulipi zaidi." Amazon na mitandao mingine inalazimisha sentensi kama hiyo. Kwa viungo vyenyewe, Google tangu 2019 ina alama maalum ya viungo vya kulipiwa, rel="sponsored", na aliyekutengenezea tovuti anaiweka kwa dakika moja. Bila alama hiyo, viungo vya biashara vinaweza kukushusha kwenye matokeo ya utafutaji, na huko ndiko wasomaji wako wanakotoka.

AdSense basi usiifute. Acha tangazo moja au mawili kwa ukurasa, liondoe kabisa kwenye ile kurasa ya bei na ya watu wa Ulaya ambako unataka msomaji abofye WhatsApp na si kitu kingine, na dola 100 zitakuja siku zitakapokuja.

Yapo mambo ambayo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Nenda benki uliyo na akaunti ya dola, au unayotaka kuifungua, uongee na mtu wa dirishani kabla hujaandika namba ya akaunti kwenye AdSense. Muulize namba yao ya SWIFT, ile ya kupokelea fedha kutoka nje, jina litakavyosomeka, benki za katikati zinakata kiasi gani kwa uhamisho mdogo wa dola 100, na kama wanadai barua ya kueleza fedha zinatoka wapi. Kuna benki ambazo makato yatameza robo ya malipo hayo, na hapo ni afadhali kuacha salio likue kwanza, AdSense inakuruhusu kuweka kiwango cha juu zaidi cha kulipwa. Programu za Marekani zitakuomba pia fomu W-8BEN, inayosema wewe si Mmarekani. Ijaze kwa jina lilelile la benki. Kamisheni za maduka zikianza kuingia kila mwezi, pita Guichet unique, ofisi ya kuandikisha biashara, au kwa mhasibu anayejua DGI, mamlaka ya kodi, uulize hali ya mtu anayefanya biashara ndogo pembeni ya mshahara. Ni rahisi zaidi kuuliza mapema kuliko kuelezea baadaye. Na muuzaji akikuletea mkataba wake mwenyewe wa kurasa nyingi, hasa wenye maneno ya wewe kubeba dhamana ya vifaa, usiusaini pale dukani. Mpelekee wakili auone kwanza, kwa sababu batri ikiharibika mteja ataanza kukutafuta wewe.